Datsun Ilipokwenda Posa

Placidi wa Mkumbi ana mke mmoja, watoto watano, shamba la kahawa na Datsun. Ukimwuliza habari za nyumbani atakuanzia na Datsun. Hao wengine utawapata ukiwa na subira.

Ni pikapu ya miaka ya sabini, na rangi yake ni jambo la ubishi. Aurelia, mkewe, anasema zamani ilikuwa ya bluu. Placidi anasema ni ya bluu mpaka leo, asiyeiona akapime macho. Aliinunua kwa bwana misitu mmoja mstaafu wa Songea, mwaka ule kahawa ilipopanda bei na majirani zake wote wakaezeka nyumba kwa bati. Yeye alibaki na nyasi kichwani na magurudumu manne miguuni, akajiona amewapiga bao. "Bati haliendi popote," alikuwa akiwaambia. Ni kweli, haliendi. Lakini masika ile ni Aurelia aliyekuwa akihamisha sufuria kufuata matone, wala si yeye.

Historia ya gari hilo anaijua kuliko historia ya ukoo wake. Jumapili baada ya misa atakushika kiwiko akueleze kwamba jina lile lilitokana na herufi za Wajapani watatu waliotoa fedha zao, kwamba gari dogo lililofuata likaitwa mtoto wa hao watatu, na kwamba baadaye mwisho wa jina ukageuzwa, "son" ya Kiingereza, yaani mtoto, ikawa "sun", yaani jua. Kwa nini uligeuzwa? Hapo hukohoa, akapita. Ule mwisho wa kwanza, kwa Kijapani, husikika kama hasara, na hilo ni neno ambalo hataki mkewe alipate kutoka kwa Wajapani wenyewe.

Miaka ya themanini, wenye kampuni walipoliondoa jina hilo na kubakiza la Nissan, Placidi hakuwa na hata baiskeli. Lakini msikilize anavyolisimulia, utadhani alidhulumiwa shamba la baba yake. Basi fikiria ilivyokuwa miaka mingi baadaye, redio ilipotangaza kwamba jina limerudishwa, kwenye magari mapya ya bei nafuu, huko India, Indonesia, Urusi na Afrika Kusini. Wiki ile alitembea kama mama aliyezaa padri. Alisimama nje ya kanisa akawatangazia watu kwamba limefufuka, mpaka katekista akamvuta pembeni akamwomba atafute neno jingine. Hakuna hata moja kati ya magari hayo lililowahi kuonekana anakoishi, wala yeye hakuwa na uwezo wa kulinunua. Hayo hayakumhusu. Mwaka 2022 jina likaachwa tena, na jioni hiyo Placidi alisusa chakula. Aurelia akala sahani zote mbili.

Sasa, stata ya pikapu hiyo ilikufa zamani, wala Placidi hakununua nyingine. Ya nini? Umatengoni, huko kwao, nyumba iko mlimani, kanisa liko mlimani, duka liko mlimani, hata marehemu wamelala kwa kuinama. Unaegesha pua ikitazama bondeni na kutega jiwe kwenye gurudumu. Ukitaka kuondoka unatoa jiwe, gari linaserereka, unaachia klachi, injini inashtuka na kuwaka. Fundi mmoja wa Mbinga mjini alipompa ushauri atafute stata japo ya kuokoteza, Placidi alimwambia kwamba Mungu alishawapa Wamatengo stata ya bure, na asiyeijua basi ni mtu wa kuja.

Mtoto wake wa kwanza, Crispin, ni mwalimu kule Kingerikiti. Kijana mpole, mwenye bahati mbaya moja tu, nayo ni baba. Posa yake ya kwanza ilikufa siku Placidi alipowaambia wakwe watarajiwa, akiwa bado hajanawa mikono, kwamba gari lao ni plastiki iliyopakwa rangi. Crispin alikaa miaka bila kutaja habari za kuoa. Kisha akampata Stella, binti wa mzee Kilian, kule chini ziwani, na akamwambia mama yake waziwazi, "Mama, hii ikiharibika sijaribu tena. Mwambie baba mpande basi."

Aurelia alifikisha ujumbe.

"Basi?" Placidi aliuliza. "Nikapose kwa tiketi, kama mtu anayefuata cheti cha kuzaliwa?"

Wakaenda na Datsun, Crispin akabaki shuleni kwake. Placidi kwenye usukani, koti la suti na kofia, Aurelia kando yake na rozari, na nyuma, juu ya gunia la maharage, kati ya kahawa na jogoo, mshenga wao Bernadi, binamu yake Placidi, mtu wa maneno machache ambayo safari ile ilizidi kuyapunguza. Waliteremka kile kilima kirefu kuelekea ziwani Placidi akiwacheka watu wa ufukweni kutwa nzima ya mteremko: hawajui ngolo, yale mashimo ya kulimia mlimani, hawajui kahawa, wanangoja samaki ajilete. Aurelia alikuwa akisali, na si kwa sababu ya mteremko.

Mji wa mzee Kilian uko ufukweni kabisa. Watu walikuwa wamefagia, wameweka viti kivulini mwa nyumba, wakawaonyesha kwa mikono wasogee karibu. Placidi angeweza kuliacha gari kule juu, kwenye tuta la barabara. Lakini kule juu nani angeliona? Akaliingiza mpaka mbele ya viti, akalizungusha kidogo ili ubavu wenye jina uelekee wenyeji, akazima kwa madaha, akashuka. Akachukua jiwe lake chini ya kiti akalitega kwenye gurudumu, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake.

Gurudumu halikuliegemea jiwe.

Alilitazama. Akatazama mbele, akaona mchanga. Akatazama nyuma, mchanga. Mtu aliyezaliwa milimani husahau kwamba Mungu aliumba na sehemu bapa. Placidi akatabasamu, akaenda kusalimia.

Posa yenyewe ilikwenda vizuri ajabu. Bernadi alisema aliyotumwa, akayasema kwa adabu na kwa ufupi. Zawadi zikapokelewa. Samaki wa ziwani, mbasa, wakaletwa, wa kuchoma na wa mchuzi, pamoja na ugali wa muhogo, na Placidi, aliyekuwa amewacheka kutwa, akala akalamba vidole. Stella mwenyewe hakuonekana, kwa sababu kwa kina Kilian binti anayeposwa hukaa ndani mpaka jibu litoke. Na jibu halitoki wageni wakiwepo. Wageni husema shida yao, hula, huaga. Wakishaondoka ndipo wazee wa binti huketi wakaongea kwa uhuru, na mshenga huitwa siku nyingine. Ukibaki, maana yake unawasimamia wenzako, unataka kuwabana wakupe jibu mbele ya macho yako. Bernadi alikuwa amemweleza Placidi hayo yote kabla ya safari, mara mbili.

"Haya," alisema mzee Kilian baada ya kunawa. "Tumewasikia, wenzetu. Na mlima wenu ule ni mrefu."

"Mrefu, ndiyo," alisema Placidi, akaegemea kiti. "Lakini kwa gari kama hili, mzee mwenzangu, mlima ni jina tu. Unajua herufi zile zilitoka wapi?"

Akaanza. Akawapa Wajapani watatu, akawapa mtoto, akawapa jua. Wajomba wa Stella walitazamana. Bernadi akamkanyaga mguu, Placidi akauhamisha mguu. Wajomba wakainuka mmoja mmoja kwenda kuketi kwenye mitumbwi iliyopinduliwa, wakidhani wageni watapata nafasi ya kuaga bila aibu. Wakangoja. Wakarudi, wakamkuta amefika miaka ya themanini.

"Waambie gari limezima," Aurelia alimnong'oneza.

"Datsun haizimi. Nimeizima."

"Basi iwashe."

Placidi alisema anapenda upepo wa ziwa. Mtu yule hajawahi kupenda upepo wowote. Alikuwa na hofu, na ilikuwa hofu ya kijinga kabisa: kwamba watu aliowacheka njia nzima wangemwona akisukuma. Kumwomba mkwe asukume gari kabla hata hajakukubali, hilo aliliona kubwa kuliko kifo. Afadhali wamwone king'ang'anizi. Afadhali wamwone mlafi, na mama wa nyumba alikuwa ameshaanza kuuliza jikoni, kwa sauti ya kusikika, kama samaki wa kesho watatosha.

Jua lilikuwa limeanza kuelekea upande wa Malawi simu ya Aurelia ilipoita. Alisikiliza, kisha akampa mumewe bila neno.

"Baba," alisema Crispin, na sauti yake haikuwa ya hasira, ingekuwa ya hasira ingekuwa nafuu. "Stella amenipigia analia. Wajomba zake wanasema mmekataa kuondoka, mnawalazimisha. Wanataka kurudisha jogoo. Baba, nimekukosea nini?"

Placidi akamrudishia Aurelia simu. Alimkumbuka mwanawe akirudi kutoka ile posa ya kwanza, alivyovua viatu mlangoni, akavipanga vizuri, akaingia kulala mchana. Wakati ule alimwona mdhaifu. Sasa hakumwona hivyo. Akainuka, akavua kofia.

"Wenzangu," alisema. "Hatukai kwa kuwabana. Gari langu limekufa. Halina stata, halijawa nayo miaka mingi sasa. Kwetu linaondoka kwa mteremko, na hapa hakuna mteremko. Nimeona aibu kusema. Nawaomba radhi, na nawaomba mnisukume."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomwumiza. Mzee Kilian alisafisha koo.

"Tunajua," alisema.

"Mnajua?"

"Tangu ulipotega jiwe mchangani. Jikoni hawajapumua kwa kicheko. Vijana walitaka kuja kusukuma mapema, nikawakataza. Wajomba na binti sikuwaambia, nilitaka kuona utakaa mpaka lini. Binti yangu atakuja kuishi karibu na ulimi wako, mzee mwenzangu. Nikajiuliza, huyu akiwa na kosa, atalisema, au atamwacha mtoto wake alie na yeye anaongea habari za Wajapani?" Akatema mate kando. "Umechelewa sana. Lakini umesema."

Wakasukuma. Mchanga si lami, na Datsun, kwa sifa zote alizoipa, ni chuma kizito. Wajomba walishika bodi, Bernadi akavua koti, mama wa nyumba akafunga khanga kiunoni, Aurelia akaweka rozari mfukoni akaingiza bega. Placidi kwenye usukani aliona aibu hata kuwahimiza. Linasogea, linakwama. Linasogea, linakwama. Ndipo mlango wa nyumba ukafunguka na binti mmoja akatoka mbio bila viatu, wajomba wakimpigia kelele arudi ndani, akajipenyeza katikati kabisa, nyuma ya bomba la moshi, akasukuma.

Gari likakohoa, likatoa wingu jeusi, likashtuka.

Kila mtu pale alijua kwamba likishashtuka hurudishi mguu. Ukanyage mafuta, uelekee tuta la barabara, wengine wadandie mbio mbio. Bernadi alikuwa ameshaweka mguu mmoja juu ya bampa. Na Placidi akatazama kwenye kioo. Akamwona Stella kwa mara ya kwanza. Alikuwa amepiga magoti mchangani, gauni lake la siku ya posa limejaa masizi kuanzia kifuani, uso mweusi tititi, anakohoa na kucheka kwa pamoja.

Placidi aliondoa mguu kwenye mafuta.

Injini ikadhoofika, ikatikisika, ikazima. "Placidi!" Bernadi alipiga kelele, na hilo ndilo neno lake refu kuliko yote siku ile. Placidi alishafungua mlango. Alirudi nyuma kwa miguu, viatu vikijaa mchanga, akatoa kitambaa chake cheupe cha kanisani, akamwinamia binti akamfuta uso.

"Shikamoo, baba," alisema Stella.

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe."

Watu walisimama wakipumua. Wajomba walimtazama mzee Kilian, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimeharibika: binti ameonekana, ameongea, amefutwa uso na baba mkwe mbele ya ukoo mzima kabla ya kikao. Kilian akakitazama kile kitambaa kilichojaa masizi, akamgeukia mshenga.

"Bernadi, usihangaike kurudi kwa ajili ya jibu. Mwambieni kijana wenu binti tumetoa." Halafu akamgeukia Placidi. "Ila siku ya harusi kijana atakuja na basi."

"Atakuja na basi," alisema Placidi.

Akamkabidhi Bernadi usukani, akaenda nyuma ya gari, akatafuta nafasi kati ya mjomba mmoja na Aurelia, akaanza kusukuma.