Relief, Mwethya na Wimbo wa Kalekye

Siku niliyoripoti kazini Mwingi nilivaa viatu vyangu vya kanisani, nikidhani nitakaa mezani. Kabla ya saa sita nilikuwa juu ya lori la mahindi ya njano, vumbi limenijaa mpaka kwenye nyusi. Niliajiriwa kama msaidizi wa maendeleo ya jamii. Mkubwa wangu, Mratibu wa Chakula, alikuwa mtu mrefu kutoka magharibi ya nchi, tena alipenda sana kufundisha. Alinisimamisha mbele ya magunia akaniuliza maana ya neno la Kiingereza lililopigwa chapa juu yake. Neno lenyewe lilikuwa "relief."

"Ni chakula cha bure, sir," nilimjibu.

"Hapana, Ndinda. Hilo neno limetoka mbali, kwa Kilatini. Ni kuinua tena, kufanya kitu kiwe chepesi. Askari akipokea mwenzake zamu, hiyo ni relief. Maumivu yakipungua, hiyo pia ni relief. Kwa hivyo ukimpa mtu chakula halafu arudi nyumbani na mzigo mzito kuliko ule alikuja nao, hiyo sio kazi nimekupa."

Nyinyi vijana mnaoanza kazi hii na simu mkononi, nawaomba mlishike hilo. Mimi nililishika, ingawa siku ile nilikuwa nafikiria viatu vyangu tu.

Sisi Wakamba chakula hicho tulikiita mwolyo, na kukipokea kulikuwa na aibu yake. Nilimwona mama akifunika debe lake kwa leso, jua kali, akapita nyuma ya maduka ili asikutane na watu wa kanisa lake. Basi tulijifunza kugawa kwa heshima. Kwanza tuliita baraza, na wananchi wenyewe wakataja nyumba zenye shida zaidi, mbele ya majirani wanaojua ghala la nani limebaki na panya tu. Tulipima kwa gorogoro, lile kopo la sokoni, na juu yake tukapitisha kijiti ili lisawazike na rafiki wa mgawaji asipate kichuguu. Familia za Kiislamu za wafanyabiashara wa mifugo, ambao ng'ombe wao walikuwa wamekufa njiani, zilipanga mstari mmoja na wakulima wetu. Kazi hiyo niliijua vizuri, na nasema hivyo bila kuona haya.

Hata hivyo, palipo na chakula hapakosi wajanja. Wenye maduka walianza kutuma jamaa zao kwenye mstari. Mratibu alipogundua alikasirika, akatoa amri: kuanzia sasa chakula kitapewa anayefanya kazi ya jamii. "Jasho kwanza," alisema, na sikumlaumu. Mwenye duka hawezi kukubali kubeba mawe juani kwa ajili ya gorogoro mbili.

Ndipo nikahamishiwa Zombe, kusimamia ujenzi wa bwawa la mchanga. Hilo ni ukuta unaojengwa katikati ya mto wa msimu. Mvua ikija, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani ya mchanga, jua lisiyafikie. Ukichimba kidogo wakati wa kiangazi, unayapata.

Kazi ilifanywa na mwethya, kundi la majirani wanaosaidiana, leo shamba la huyu, kesho la yule, desturi tuliyoachiwa na nyanya zetu. Wanawake walisimama mstari mmoja kutoka kilimani hadi mtoni, wakipokezana mawe mkono kwa mkono. Chini, ameketi juu ya karai lililopinduliwa, alikuwa Kalekye, mjane mzee ambaye magoti yake yalikuwa yamekataa kazi. Alikuwa akilea wajukuu wawili, na sote tulimwita susu, yaani nyanya. Yeye aliimba, na mstari ukamwitikia.

Fundi mkuu, aliyeletwa kutoka mjini, alimtazama siku ya kwanza. Siku ya pili alimfukuza.

"Madam, amri ni jasho," aliniambia. "Huyu susu amekaa tu. Nikimpa leo, kesho wazee wote wa Zombe watakuja hapa kuimba."

Jioni nilimpelekea Kalekye unga uliotengwa kwa wagonjwa. Mafiga yake yalikuwa yamepoa, na wajukuu walikuwa wamelala chini kabla jua halijatua, hawachezi. Alinikaribisha, kisha akautazama mfuko.

"Mwiitu, binti yangu, hii ni ya nani?"

"Ni ya wale hawawezi kazi, susu."

"Basi wapelekee. Mimi naweza kazi. Ni nyinyi mmenifukuza."

Niliondoka na unga wangu. Sijawahi kubeba kitu kizito kama mfuko ule mdogo, na maneno ya Mratibu yakanirudia yote.

Asubuhi iliyofuata mstari ulianza bila wimbo. Mmoja aliachia jiwe kabla mwenzake hajafungua mikono, likamponda kidole. Mwingine alichelewa, mawe yakarundikana kwake. Wimbo ndio uliokuwa ukisema sasa achilia, sasa pokea, na fundi wetu alidhani ni burudani. Kabla ya saa nne wanawake waliweka mawe chini, wakaketi.

Mratibu alifika na gari lake la kazi, uso umekunjamana.

"Ndinda, mkataba wako unakaribia kuisha. Umeniletea mgomo?"

"Sijaleta mgomo, sir. Tumefukuza mwenye kuongoza kazi."

Nilisema hivyo nikijua mshahara ule ndio uliosomesha ndugu zangu. Mwenyekiti wa mwethya, mama mnene asiyeogopa mtu, alisimama upande wangu.

"Bwana mkubwa, mwethya iko na wa kubeba, iko na wa kupika, iko na wa kuimba. Ukitoa mmoja, hiyo sio mwethya tena. Ni kazi ya jela."

Mratibu akasema Kalekye aitwe. Alikuja polepole na fimbo yake, akampita fundi bila salamu, akaketi juu ya karai. Akaanza kuimba. Mratibu alivua koti akaingia mstarini, na jiwe la kwanza likamkuta mikono imefungwa, nusura limwangukie mguuni. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Wimbo ulipozunguka tena na tena aliupata mwendo, na mawe yakashuka mtoni bila kusimama.

"Fundi," alisema akihema, "huyu mama ana cheo gani hapa? Nikienda kumtetea ofisini lazima nitaje cheo chake."

Mimi ndiye niliyejibu: "Msimamizi wa mwendo."

"Basi ni msimamizi. Na msimamizi anakula."

Siku hiyo Kalekye alipokea mahindi yake kwa mikono miwili. "Hii nimefanyia kazi," alimwambia fundi. Akapita nayo katikati ya soko la Zombe, bila kuyafunika.

Kutoka hapo nilipelekwa Kasikeu, ambako tulichimba matuta ya fanya juu, yale ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu. Wakurugenzi walibadilika, na neno likabadilika nao. Relief ikawa support, kisha kuwezesha, na siku hizi msaada huingia kwa simu. Mimi sikugombana na maneno yao. Nilitazama tu kama mtu anarudi nyumbani mwepesi, na kama amefunika debe lake.

Nimestaafu hapa hapa Kasikeu, na magoti yangu sasa ni kama ya Kalekye. Mvua iliyopita ilibomoa matuta yangu. Mwethya ilikuja bila kuitwa, nami kwa kiburi changu nikachukua jembe. Mwenyekiti, msichana niliyemfundisha kupima mteremko, alininyang'anya.

"Madam, kaa hapo. Imba."

Niliketi juu ya karai nikauimba wimbo wa Zombe, sauti imekwaruza, machozi yakinitoka, na majembe yakanifuata. Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ulipoiva, bakuli la kwanza likaletwa kwangu. Hadithi hii nimewasimulia mpaka wamechoka nayo.

"Msimamizi wa mwendo ale kwanza," mwenyekiti alisema.

Nilipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa nimelifanyia kazi.