Jirani Yetu na Muduri Wake

Juzi mjukuu wangu aliniletea simu yake nimwone mzee mmoja wa Nikaragua, kule Amerika ya Kati, akipiga upinde wenye kibuyu. Kibuyu amekikumbatia tumboni, anagonga waya kwa kijiti, sauti inavuma. Mjukuu akanisomea maandishi: eti muziki huo mizizi yake ni Afrika, ulivuka bahari pamoja na watu waliofungwa minyororo. Ndugu yangu, nilishika kiti. Upinde ule niliujua kijijini Mugoma, Ngara, karibu na mpaka wa Burundi, nikiwa mtoto.

Nyumba za kijiji chetu cha ujamaa zilipangwa mstari, kila mtu akinusa chungu cha mwenzake. Kwetu yalinukia maharage ya bibi. Nyumba ya pili aliishi mzee aliyekimbia Burundi na upinde huo mgongoni, bila mke wala mtoto. Tulipokuwa tukipura maharage, yeye alipiga ndani kwake na kuimba taratibu, kama anayezungumza na mtu. Mimi nilipura nikifuata mapigo yake. Bibi alinitania kwamba bila jirani mimi ni mvivu mtupu.

Vita vilipoanza, hofu ikaingia hata kwenye uji. Shuleni tulichimba mahandaki, mwalimu akatufundisha kulala kifudifudi tukisikia ndege. Redio ya mwenyekiti wa kijiji ilimtaja nduli, yule adui aliyetuvamia, asubuhi na jioni, nasi watoto tukaamini nduli ni dude lenye meno linaloweza kujibanza popote. Mimi niliogopa hata kwenda chooni, nasema kweli.

Alasiri moja alipita mgambo mgeni, Msukuma aliyetokea Runazi, gobole begani. Akasimama, akatega sikio.

"Shikamoo bibi. Yule mzee anaongea na nani mle ndani?"

"Marahaba. Anaongea na muduli wake."

Kwetu r na l ni mapacha, hatuwatenganishi. Bibi alikuwa akisema muduri, jina la upinde ule.

"Nduli?"

"Ee, muduli. Alikuja naye toka Burundi," bibi akajibu huku akipepeta, tena kwa fahari kidogo.

Filimbi ikalia. Mgambo wakaja mbio, wakaizunguka nyumba, na jirani akatolewa amekabwa shati, upinde mkononi. Mmoja akaugusa waya, akapiga kelele, "Antena hii! Anaongea na adui!" Watu walinong'ona kwamba siku zile aliyepelekwa wilayani harudi upesi, na mkimbizi ndiyo kabisa. Nilishika kitenge cha bibi, mkojo ukanitoka.

Hapo ndipo bibi alipoelewa. Akatupa ungo, maharage yakamwagika. "Si nduli, wanangu! Mu-du-li! Ngoma ya kwao! Mwambieni apige!"

Mkubwa wao akaamuru. Jirani akaweka kibuyu tumboni, lakini kijiti kikamponyoka, kikaanguka. Akakiokota. Sauti ya kwanza ilitoka mbaya, kama mbuzi aliyekabwa, na nikajua wanamchukua. Kisha ukavuma ule mvumo tuliouzoea. Mgambo yule wa Runazi akacheka kwa aibu, wenzake wakacheka, wakamwachia. Ila waya waliukata. Kwa usalama, walisema.

Bibi alimtafutia waya mwingine, wa breki ya baiskeli. Jirani alishukuru sana, akaukunja, akauchomeka darini. Hakupiga tena. Kibuyu akakitumia kutunzia mbegu za mtama, nasi tukapura maharage kimya, na mimi nikawa mvivu kweli. Bibi alikuwa akisema ulimi hauna mfupa, na tangu siku ile upinde aliuita "kile kitu" mpaka alipofariki. Leo Mugoma simjui hata mmoja anayeupiga. Inaniuma. Ulivuka bahari na minyororo ukasalimika, kwetu ukauawa na neno moja.

"Bibi, hiki kwetu kinaitwaje?" mjukuu akaniuliza, simu ingali mkononi.

Nikatazama mlangoni kwanza. Ndipo nikamwambia, kwa sauti ya chini.