Mama Asiye na Mtu

Mama mkwe wangu alianguka chooni asubuhi moja, na tulipomwinua mdomo wake ulikuwa umekwenda upande. Neno la kwanza alilolitoa, likiwa limevunjikavunjika kama la mtoto anayejifunza kusema, lilikuwa la kunitukana. Jirani aliyenisaidia kumbeba hakulielewa. Mimi nililielewa, maana nilikuwa nikilisikia tangu siku niliyoingia nyumba ile.

Hiyo ilikuwa Bagamoyo, miaka ya mwanzo ya sabini. Mimi ni Mkwere, mtoto wa wakulima wa muhogo na mtama upande wa Vigwaza. Yeye alizaliwa mjini, katika nyumba ya mawe yenye mlango wa nakshi, na ingawa paa lilivuja na chokaa ilibanduka kwa mapande, bado alikaa barazani kama mke wa tajiri. Mwanawe alinioa bila kumtaka shauri, na hilo hakunisamehe. Wageni wakija alikuwa akiwaambia mbele yangu, "Babu zake huyu waliwabebea mizigo babu zetu. Leo tunalala naye chumba kwa chumba." Wageni walicheka kidogo, wakatazama vikombe vyao.

Mume wangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge huko Tanga, akija nyumbani kwa nadra. Kwa hiyo mama alipopooza upande mzima wa kulia, tulibaki wawili ndani ya nyumba ile, yeye na mimi.

Nilimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa jirani. Daktari alimpima, akaniita pembeni. "Ni kiharusi," akasema. "Dawa ya shinikizo la damu tutampa. Lakini mguu na mkono, sikudanganyi, vinaweza visirudi. Kazi kubwa iko kwako." Nesi mmoja mnene, mwenye sauti nzito, alinifundisha kumgeuza mgonjwa bila kumburuta, kumkausha vizuri kila akilowa, na kumchua mgongo kwa mafuta ya nazi ili asitoke vidonda. Nilimwuliza kama hakuna mahali pa kumlaza mtu kama huyu kwa muda mrefu. Akaniangalia. "Mahali pake ni kwenu, mama. Sisi hapa tunatibu, hatufugi."

Sikuishia hapo. Shehe alimwandikia kombe, aya za Kurani kwenye sahani kwa zafarani, nikaliosha kwa maji ya waridi nikamnywesha. Akanitemea usoni, eti maji yaliyoshikwa na mkono wangu hayana baraka. Nikamleta mchuaji mzee kutoka Mlingotini, mtu aliyejulikana kwa kunyoosha watu waliovunjika. Alimchua mguu kwa mafuta ya nyonyo kwa muda, kisha akajifuta mikono na kusema mbele yake mwenyewe, "Mguu huu umekufa." Alipotoka, mama mkwe alinifinya ndani ya mkono, mahali penye ngozi laini, akapindua vidole. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na nguvu za watu wawili.

Ule mkono wa kushoto ndio uliokuwa ukinisubiri kila siku. Nilipoinama kumwosha aliushika ukosi wa gauni langu akanivuta. Nilipomlisha uji alilipiga bakuli. Nikimaliza kumbadilishia shuka alikuwa ananitazama kwa jicho lake zima, anajikojolea, na upande mmoja wa mdomo unacheka. Watu husema wagonjwa hawajui wafanyalo. Huyu alijua.

Nilimpelekea mume wangu salamu kwa dereva wa lori: mama yako ananishinda, njoo. Hakuja. Akaja dada yake.

Wifi yangu alikaa Dar es Salaam, Ilala, na mumewe alikuwa na cheo serikalini. Aliingia chumbani, akaziba pua kwa ncha ya khanga, akasimama mlangoni. Mama alipomwona alilia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia.

"Mwanangu," akasema kwa ulimi wake mzito. "Umekuja kunichukua."

"Pumzika, mama," wifi akajibu, akarudi uani kwangu.

Tulikaa jikoni. Akaniambia amepata habari ya mahali, nyumba ya wazee wasiojiweza, wanalishwa na kutibiwa bure. "Lakini wanapokea wasio na mtu tu," akasema. "Mwenye watoto hapokelewi. Kwa hiyo tutasema hana mtoto. Sisi ni majirani tuliomwonea huruma."

"Utamkana mama yako mbele ya watu, wifi?"

"Wewe unaweza kuendelea naye?"

Sikuweza kuendelea naye, na wifi aliliona hilo kwenye mikono yangu iliyojaa alama za kucha.

Mama tulimwambia anapelekwa kwa daktari mkubwa. Wifi alileta gari la kazini kwa mumewe, tukamlaza nyuma juu ya godoro, na mimi nikakaa naye kumshika kichwa barabara ilipokuwa mbaya. Alivaa buibui lake jipya na kufukizwa udi. Njia nzima alikuwa akiuliza, "Huyo daktari ni Mzungu?" Wifi akijibu kutoka mbele, "Ndiyo, mama." Karibu na kufika akaacha kumwita mama. Alimwita bibi.

Ile nyumba ilikuwa safu ya vyumba vyenye bati, uwanja umefagiwa vizuri, wazee wamekaa vivulini hawasemezani. Tulimkalisha mama kwenye benchi ofisini. Ofisa alikuwa kijana mpole, akauliza jina la mgonjwa, umri, anatoka wapi.

"Ana watoto?"

"Hana," wifi akasema. "Mumewe alikufa zamani. Sisi ni majirani tu."

"Ndugu yeyote?"

"Hana mtu."

Nilidhani mama mkwe hakusikia. Lakini aliinua uso taratibu akamtazama binti yake, akamtazama kwa muda mrefu sana, na wifi akajitia kutengeneza mkoba. Nikaona mama ameelewa kila kitu: daktari mkubwa, godoro, udi.

Ofisa akamwinamia. "Shikamoo, bibi. Unasema nini mwenyewe? Huna mtoto?"

"Marahaba," akasema. Alijitahidi kulitoa kila neno likiwa zima. "Nilikuwa na mtoto wa kike. Alikufa."

Wifi alishusha pumzi. Nadhani alifurahi, Mungu ananiona. Lakini mama hakuwa amemaliza. Ule mkono wa kushoto uliinuka, ukanishika mimi kifundo cha mkono.

"Amenibakia huyu," akasema. "Huyu ni mwanangu. Nimemzaa mimi. Hawezi kuniacha."

Miaka yote ile sikuwahi kuitwa mwanangu na mtu yule. Nilipokuwa bi harusi nililitamani neno hilo, nikamtekea maji, nikamkuna kichwa, nikamsinga mwili kwa liwa la kunukia, ili siku moja litoke. Sasa limetoka, na kucha zake zilikuwa zimezama katika nyama yangu, na nusu ya mdomo inacheka.

Ofisa alisimama. "Mama," akaniambia kwa upole, "kama ni mzazi wako, sheria hairuhusu. Nafasi hizi ni za wasio na mtu kabisa."

"Anachanganyikiwa!" wifi akapaza sauti. "Huyu si mwanawe, ni mke wa—" Akakatiza. Angemaliza, angetaja mwana, na habari ya mwana ingemfichua dada.

Nilingoja aseme kweli. Akachukua mkoba wake, akatangulia nje. Nikambeba mama mkwe mgongoni mpaka kwenye gari.

Bagamoyo wifi alitushusha mlangoni, akageuza gari. Mama mkwe nilipomlaza kitandani aliniambia, tena waziwazi, "Ulidhani utaniponyoka, wewe mtumwa." Nikamvua buibui, nikamwosha.

Aliishi miaka mingine minne. Mume wangu akawa na mke mwingine Tanga, akaacha kabisa kuja. Sikuondoka, nitasema ukweli, sikuwa na pa kwenda, baba alikwishakufa na kaka zangu walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya na kugawiwa vijishamba. Mama hakulainika hata siku moja. Wapo wanaosimulia jinsi mgonjwa alivyoomba radhi mwishoni. Wangu alikufa saa nne asubuhi huku akinitukana kwamba uji hauna sukari, na sukari mji mzima haikuwapo.

Wifi alikuja mazikoni na kilio cha kuangusha ukuta. Wanawake waliomwosha maiti walitoka wakishangaa. "Miaka yote ya kulala, na mgongo wake hauna hata kidonda," mmoja akasema.

"Alhamdulillahi," wifi akajibu kabla sijainua uso. "Tulimtunza."

Baada ya arobaini alinifuata jikoni, akakaa palepale alipokaa zamani. Mama mzazi wa mumewe alikuwa ameanguka, kapooza, yuko Ilala sebuleni kwake. "Wewe una mkono wa wagonjwa," akasema. "Njoo ukae kwangu. Utakula, utavaa. Hapa nyumba wataigawa, utabaki wapi?"

"Mpeleke kule," nikamwambia. "Useme wewe ni jirani."

Alinyanyuka akaondoka na kiatu kimoja hakijafungwa. Nyumba iliuzwa mwaka uleule, nikapangisha chumba karibu na soko, nikauza vitumbua. Watu wa Dar waliniletea habari kwamba wifi anamgeuza mkwewe mwenyewe, kwamba mkwewe anamng'ata, kwamba mgongo umemshika na mumewe halali tena nyumbani. Walinieleza kwa sauti ya chini, wakingoja niseme maskini. Nikawafungia vitumbua vyao, nikamwita mteja mwingine.