Odile Apogoa Mizabibu Inayongoja Hukumu

Ukungu bado umelala juu ya mto Gironde, na mkasi wa Odile Cassagneau haujakata kitu. Amesimama mwanzoni mwa safu ya kwanza ya shamba la Tauzins, anautazama mzabibu uliojikunja kama goti la mzee. Ni saa mbili na nusu asubuhi, mwezi Februari. Upande wa pili wa barabara, ndani ya ghala la mvinyo la Château Brézac-Montalin, waonjaji watano wamekaa mbele ya glasi zilizoandikwa namba tu.

Glasi moja ni ya Tauzins. Wakiichagua kwa mvinyo wa kwanza, ule unaobeba jina la ukoo, mizabibu hii itaishi. Wakiikataa, itang'olewa baada ya mavuno yajayo.

"Yetu ni namba ngapi?" anauliza Joaquim Teles kutoka safu ya jirani. Ni mpogoaji mwenzake, na ndiye aliyemwoa mdogo wake.

"Ingejulikana, wasingeandika namba."

"Mimi ningeijua kwa harufu. Ile inayonuka jasho lako, shemeji."

Odile hacheki. Siku nyingine angemjibu.

Ana umri wa miaka hamsini na saba. Kwa desturi ya Médoc, eneo hili la mizabibu, mpogoaji hukabidhiwa mashamba yake na kuyatunza mwaka mzima, na mwaka unaofuata huyarudia yale yale. Hulipwa kwa kazi, si kwa saa. Tauzins ilikuwa mikononi mwa baba yake kabla yake. Ndiye aliyeipanda, baada ya baridi kali ya mwaka 1956 kuua kila kilichokuwa hapo.

"Kwenye karatasi ni mali ya Bi. Ségolène," anasema Odile, akimtaja mwenye shamba. "Kwenye mgongo ni yangu."

Chupa moja ya mvinyo wa kwanza inakaribia mshahara wake wa siku nne. Yeye huinywa mara moja kwa mwaka, glasi moja, kwenye karamu ya kufunga mavuno.

Tatizo la Tauzins ni uzee. Katika kila mizabibu kumi, mitatu imekufa ikasimama hivyo hivyo, na iliyobaki huzaa kidogo. Miaka miwili mfululizo mvinyo wake umeshushwa daraja, ukachanganywa kwenye chupa za bei nafuu. Bi. Ségolène alisema mara ya tatu itakuwa ya mwisho.

Ndiyo maana mkasi umesita. Mzabibu unaotarajiwa kuishi hupogolewa kwa huruma: huachiwa matawi mawili mafupi kama mikono, macho machache ya kuchipua kila mmoja, ubaki na nguvu ya kesho. Uliokwisha kuhukumiwa hupogolewa kwa namna ambayo watu wa hapa huiita kupogoa kwa kifo. Huachiwa matawi marefu na macho yote, uzae mpaka tone la mwisho, kwa kuwa kesho yake haimhusu mtu.

Mashamba mengine yote yamekwisha kupogolewa. Imebaki Tauzins, na utomvu uko karibu kupanda.

"Kata ndefu," Joaquim anamshauri. "Habari ikiwa njema tutarudi kufupisha. Ukikata fupi, halafu habari iwe mbaya, hakuna gundi."

"Najua."

"Na Régis wa ghalani atakutafuna."

"Régis ana meno mangapi? Akamtafune mke wake."

Joaquim anacheka, lakini macho yake yako kwenye mkono wa Odile. Mkono unashuka. Tawi refu linaanguka, kisha la pili. Mzabibu wa kwanza umebaki na mikono miwili mifupi.

"Shemeji."

"Siwezi kuanza kukiua kitu huku naomba kiachwe hai," anasema bila kugeuka. "Kama ni kosa, liwe langu. Wewe anzia ule mwisho, ukate unavyotaka."

Joaquim anabaki pale pale. Hakati ndefu wala fupi. Anaokota matawi na kuyatupa kwenye toroli la chuma lenye moto, huku akitazama mlango wa ghala.

Kufikia mchana safu nne zimekatwa fupi. Joaquim anachoma nyama juu ya makaa ya matawi, anainyunyizia vitunguu vidogo vilivyokatwakatwa. Odile anapokea kipande chake, anakishika mpaka kinapoa.

"Kula. Mdogo wako akisikia nimekurudisha na njaa, mimi ndiye nitakayelala kwenye banda la trekta."

Mlango wa ghala unafunguka. Régis Labatut, mkuu wa ghala, anakuja kwa miguu, midomo yake ikiwa bado na rangi ya mvinyo. Hapungi mkono. Odile anainuka.

"Haikuingia," anasema Régis. "Kura tatu kwa mbili."

"Mmoja wa wale wawili ni wewe?"

"Ni mimi."

Kisha Régis anaziona safu nne. Anatembea hadi mzabibu wa tano, anainama, anagusa mkato.

"Nani alikuambia ukate fupi?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Umetupunguzia mavuno ya mwisho, Odile. Nitamweleza nini Bi. Ségolène?"

"Mwambie ni mimi. Akitaka kunikata malipo, anikate." Anazigeukia safu zilizobaki. "Ila mwulize jambo moja. Hapa atapanda nini?"

"Miche ya kitaluni, kama kwingine."

"Apande hii. Matawi ya mizabibu iliyo na afya tuyaweke kwenye mchanga wenye unyevu, yaunganishwe kwenye mashina mapya masika yakifika. Udongo ule ule, damu ile ile."

Joaquim tayari ameweka kando kipande chake cha nyama. Anavuta toroli mbali na matawi ambayo hayajachomwa.

Régis anajifuta midomo kwa kiganja. "Fungeni matita," anasema hatimaye. "Siahidi. Nitazungumza naye leo. Na safu zilizobaki, kata ndefu. Hilo ni agizo."

Odile anaitikia kwa kichwa. Mchana wote anakata ndefu, mzabibu baada ya mzabibu, kama alivyoagizwa. Kutoka kwenye ile yenye afya tu, anachagua tawi moja moja na kulilaza kwenye nyasi.

Bi. Ségolène akikubali, miche itaingia ardhini baada ya udongo kupumzishwa miaka kadhaa. Odile atakuwa akikaribia kustaafu. Mpaka ifae kwa mvinyo wa kwanza, itapita miaka mingine zaidi ya kumi.

"Sitaunywa," anamwambia Joaquim, akikaza kamba kwenye tita. "Nataka tu kuwepo siku ya kuipanda. Baba alipanda peke yake. Mimi nitamwomba mpogoaji atakayenirithi aje, ashike mche wa kwanza, nimfundishe kukata."