Askari Aliyeinama Kwenye Mtungi wa Kigiriki

Siku yangu ya kwanza kazini Johannesburg, mwaka 2015, Mkuu wa makumbusho ya chuo alinipeleka moja kwa moja kwenye kabati la kioo.

"Mama Nekesa, mgonjwa wako huyu."

Ulikuwa mtungi wa Ugiriki ya kale, umechorwa askari mwenye kofia ya chuma, ameinama. Kibandiko kilisema: Askari akikimbia vita.

Nilitoka Nairobi nikiwa nimekarabati vyombo vya udongo miaka mingi. Michoro ya aina ile ni myeusi juu ya udongo mwekundu. Mchoraji alipaka umbo zima, kisha akakwaruza misuli, ndevu na mikunjo ya nguo kwa ncha kali. Mgongoni mwa askari yule mikwaruzo ilikatika ghafla, pakabaki weusi laini mno. Nikajua ni rangi ya fundi wa baadaye aliyeziba nyufa. Nikaomba ruhusa ya kuiondoa.

"Eish, Mama! Na kama chini hamna kitu? Tutabaki na shimo kwenye mtungi wetu bora."

"Basi tutaonyesha shimo. Lakini tazama magoti yake. Mtu anayekimbia hakanyagi hivi. Huyu ameelemewa."

Alikubali shingo upande. Nilizungusha pamba kwenye kijiti, nikaichovya kwenye asetoni ya kuyeyusha rangi, nikafuta sehemu ndogo ndogo kama ukucha. Mwanzoni nilikuta jasi tupu ya kuzibia nyufa, na Mkuu akaacha kabisa kuja karakana. Nikaendelea. Kisha pakatokea mkwaruzo. Goti. Mguu unaoning'inia. Begani mwa askari alilala mwenzake aliyekufa, nywele zikishuka karibu na ardhi.

Nilipiga ukelele hadi mlinzi akaja mbio. Mkuu alipofika alivua miwani, akanikumbatia na aproni yangu chafu.

Kibandiko kilibadilishwa kabla ya uzinduzi wa maonyesho: Askari akimbeba mwenzake aliyekufa. Nilimwalika jirani yangu wa mtaa wa La Rochelle, Mama Furaha, fundi cherehani aliyekimbia vita Bukavu, Kongo. Alisimama mbele ya kioo mpaka watu wakamzunguka.

"Kumbe anarudisha ndugu yake ku nyumba," alisema. "Na sisi wanasemaga tunakimbia tu. Hawatazami tunabeba nini."

Nilistaafu mwaka 2019, wanafunzi wangu wawili wakashika meza yangu. Katika kazi yetu, ukifanya vizuri, mtazamaji hajui kwamba ulipita hapo. Sawa, asijue. Lakini kati ya watu wote walio hai, mimi ndiye niliyeliona kwanza lile goti lililofichwa chini ya rangi.