Kijiti cha Kasuku Aliyeitwa Meneja

Juzi waliteremsha nguzo za ua hapa shuleni kwetu Kapsoit, zile zenye rangi ya kijani iliyofifia, na harufu yake ikanifuata hadi darasani. Walimu wenzangu wanasema hazina harufu, ni mbao tu zilizonyeshewa. Mimi naijua harufu ile. Ni ukali kidogo puani, kama sarafu iliyoshikwa na kiganja chenye jasho, na chini yake kuna utamu wa mkaratusi. Nilifunga dirisha kwa kishindo mpaka watoto wakanyamaza. Msinione mkali bure, ngoja niwaeleze.

Nilikuwa darasa la tano. Tuliishi kwenye nyumba za wafanyakazi katika shamba moja kubwa la chai, chumba kimoja na jiko la nje. Baba alikuwa ametoka kando ya ziwa akiwa kijana, akaandikwa kazi kwenye kiwanja cha nguzo cha shamba hilo, mahali ambapo mikaratusi ilikatwa, ikakaushwa na kutiwa dawa ili mchwa wasiile. Mama alikuwa mpishi nyumbani kwa meneja wa shamba.

Meneja alipohamishwa ng'ambo hakuweza kwenda na kasuku wake. Akampa Mama, pamoja na kizimba cha waya na bahasha iliyofungwa kwa gundi. "Rosa, kila kitu nimeandika humo," akamwambia. Mama akashukuru, akaitia bahasha kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Kila mpishi wa pale alijua bahasha ya namna hiyo: ni barua ya kukusifu, na wa kuifungua ni mwajiri mwingine, si wewe. Ukifika nayo ikiwa imefunguliwa, watasema umejiandikia mwenyewe. Mama hakupata mwajiri mwingine, kwa hiyo bahasha ikabaki ilivyokuwa.

Kasuku tulimwita Meneja, kwa sababu sauti yake ilikuwa ya bosi yule yule. King'ora cha kiwanda alikijua vizuri hata akakitangulia. Alikuwa akilia alfajiri, majirani wanatoka na vikapu mgongoni, wanafika barabarani hakuna mtu, wanarudi wakimtukana. Kisha anamgeukia Mama: "Rosa! Chai!" Mara nyingi nilimwona Mama akiinuka na birika mkononi kabla ya kukumbuka kwamba yuko kwake. "Ngoja wewe! Hapa si kwenu!" anamjibu, na Baba anacheka mpaka anakohoa.

Kumtafutia vijiti vya kukalia ilikuwa kazi yangu, na ilikuwa kazi kweli, maana ndege yule alitafuna kila kitu. Nilianza na mpini wa ufagio. Ulikuwa laini mno na unene wake ni ule ule toka mwanzo hadi mwisho, nyayo zake zikawa nyekundu. Nikajaribu tawi la mchai lililokatwa wakati wa kupogoa, lakini lilikuwa jembamba, kucha zikazunguka mpaka zikamchoma mwenyewe. Mwishowe nikagundua mpera wa jirani yetu, Mama Chebet. Nilichagua matawi yenye magoti na mabonde, huku manene, huku membamba, nikayaosha, nikayaanika juu ya mabati. Meneja aliyapenda. Alimenya gome kwa raha zake, na siku ya nne kijiti kilikatika akaanguka nacho, akimwita Rosa.

Mama Chebet akaanza kulalamika. "Weh, huyo ndege yenu atamaliza miti yangu yote!" Jioni ile nikamlilia Baba kwamba nimechoka, kila wiki vijiti, kila wiki vijiti.

Baba alikuwa akiniita Dani, yaani nyanya kwa lugha ya kwao, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Wacha kulia, Dani," akasema. "Mimi nitakuletea mti yenye hata mchwa imeshindwa."

Akaleta kipande cha nguzo. Akakichonga, akakipiga msasa jioni mbili, akiketi mlangoni na vumbi la kijani limejaa magotini, mpaka kikawa laini kama mwiko. Akatia mikato midogo ili kucha zishike. Sijawahi kuona kijiti kizuri kama kile. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nilikipachika kizimbani.

Meneja alikishambulia. Hakukimaliza, lakini kila siku nilikuta vibanzi vya kijani sakafuni. Wiki ya pili akaacha kula. Akavimbisha manyoya kama anayesikia baridi, akatapika. Asubuhi ya Alhamisi tulichelewa kuamka, nyumba nzima, kwa sababu hakuna aliyelia alfajiri. Nilimkuta chini, miguu juu.

Nilipandwa na hasira ambayo mtoto hapaswi kuwa nayo. Nilimfuata Baba mlangoni, akivaa buti za kwenda kazini, nikapiga kelele majirani wasikie: "Umemuua! Mti yako ndiyo imemuua!"

Baba alikitazama kijiti. "Hii?" akasema. "Dani, mimi hushika hii mti kila siku. Nakula chakula na hii mikono. Iko shida gani?" Kisha akakitia mdomoni, akakiuma, akanitazama kama anayengoja nimwamini. Nikaona ananidhihaki.

Sikumsalimia muhula mzima. Siku moja nilikuta juu ya vitabu vyangu kijiti cha mpera, kimeoshwa, kimekaushwa, ncha zimelainishwa. Kasuku hakuwapo tena. Nilijua ni nani amekiweka na alitaka kusema nini. Nilikitupa jikoni kikaungua, naye alikuwepo, akaona.

Viganja vya Baba vilikuwa na vinundu vigumu, vingi, kama punje za mahindi. Nikiwa mdogo nilipenda kuvihesabu kwa kidole, nikidhani kila mwanamume mwenye bidii anavyo. Baadaye vikawa vidonda visivyopona, kisha akaugua mwili mzima. Daktari alimuuliza alikuwa anafanya kazi gani. Baba akamjibu kwa fahari kwamba yeye ni fundi wa nguzo, na daktari akaendelea kuandika bila kuinua kichwa. Mimi si daktari, sitasema kilichomuua. Tulimzika kwao, kando ya ziwa.

Baada ya mazishi nikafungua lile sanduku la bati kutafuta vyeti vyake. Bahasha ilikuwa bado imefungwa. Mama hakuwa na haja tena ya mwajiri, nikaichana. Karatasi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilisema Rosa ni mpishi hodari na mwaminifu. Ya pili ilikuwa ya kasuku, kwa Kiingereza, mwandiko safi. Ale nini, aoge lini. Apewe vijiti vya mpera. Asipewe mparachichi. Na mwisho kabisa, mstari umepigwa chini mara mbili: asipewe kamwe vipande vya nguzo kutoka kiwanjani, dawa ile ni sumu, na yeyote atakayezishika avae glavu.

Avae glavu! Alijua. Mtu yule alipita na gari mbele ya kiwanja kila asubuhi, akamwona baba yangu amekumbatia nguzo zilizolowa, mikono mitupu, na hakusimamisha gari hata siku moja. Sahihi ya karatasi ile ndiyo iliyokuwa kwenye kadi ya kazi ya Baba. Ndege aliandikiwa ukurasa mzima. Nami hasira yangu yote, ya muhula mzima, nilimpa mtu aliyeuma sumu mbele ya macho yangu kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Mama alikuwa ameketi kitandani, miwani imemshuka puani. "Imeandikwa nini, mama?" akaniuliza.

Nikaikunja ile ya pili, nikaitia mfukoni. Nikamsomea ya kwanza, polepole, neno kwa neno, na nilipofika kwenye "mpishi hodari" akanitaka nirudie.