Kiongozi wa Kilimanjaro Ateleza

Wasomaji, nichekeni mimi kabla watu wa hapa Woodbridge hawajawasimulia. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, na huku ugenini kila mtu huniuliza kama nimepanda Kilimanjaro. Nilichoka kusema hapana. Kwa hiyo Wambui, nesi Mkenya niliyekuwa nikimposa kwa macho, aliponiuliza, nilimwambia nilikuwa nikiongoza Wazungu hadi kileleni.

Jumamosi iliyopita akanialika kupanda mlima na wenzake wa kanisani. Mvua ilinyesha na njia ilisimama kama ukuta. Mimi ndiye niliyetangulia. Kila pumzi iliponikatika niligeuka nikaamuru, "Pole pole! Ndivyo tunavyofanya Kilimanjaro." Wakasimama kwa heshima, nami nikahema kwa siri. Mwishowe mama mmoja mwenye fimbo akasema, "Guide, kwa hii spidi yako tutazikwa hapa."

Nikakaza mwendo ili kumkomesha. Nilikanyaga jiwe lenye utelezi, nikaporomoka kwa makalio hadi kwenye mti mmoja, nikaukumbatia na kufumba macho. Niliona kifo.

"Wambui, nishike!" nikalia. "Sijawahi kupanda mlima wowote! Nilikuwa nauza soksi pale kwenye geti la Kilimanjaro!"

Kisha nikasikia viatu vyake vikija taratibu, bila haraka yoyote.

"Si ufungue macho, muuza soksi," akasema. "Umekalia njia."